Salamu ya Mizunguko Ishirini

“Wananihemea kisogoni, Mwenyekiti! Wanakuja mbio thelathini kwa pamoja, wanaimba, wanatema mate kushoto na kulia, halafu mnaniambia kuna karatasi ya korona mlangoni kwako. Hiyo karatasi ni ya nini sasa? Ya kufungia maandazi?”

Watu walicheka. Benadetha hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya kijiji, huku Maruku, kidole amekielekeza mlangoni, pale Mwenyekiti Kahigi alipobandika masharti manne kwa uji wa muhogo. Wanakijiji walikuwa wamekaa kwenye vigoda walivyokuja navyo kutoka nyumbani, hatua mbili kati ya mtu na mtu, kama miche ya kahawa iliyopimwa na bwana shamba. Asiyekuwa na kigoda alikalia ndoo.

Datius, fundi pikipiki, alinyanyuka taratibu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale wakimbiaji.

“Ma Benadetha, waitu,” alisema, akitumia lile neno letu la heshima, kwa ile adabu ambayo ukiisikia unashika mkoba wako. “Sisi tunakimbia kwa ajili ya afya. Mapafu yakiwa na nguvu, huo ugonjwa unapita mbali. Na nchi haijafungwa. Nenda Bukoba mjini sasa hivi, sokoni watu wanabanana kama senene kwenye debe.”

“Karatasi inasema mazoezi ni mtu mmoja mmoja.”

“Haya, tuisome hiyo karatasi. Wewe unayeifuata hivyo, kila asubuhi unapita mlangoni kwa baba yangu. Mzee wa miaka themanini na nne! Unampita kama unapita kisiki cha mgomba. Humsalimii. Hata kope huinui. Huko kwenu Kimwani ndivyo mlivyofundishwa?”

Hapo kicheko kilikatika, ukaanza mguno. Mbuzi wako akila maharage ya mtu utasamehewa. Ukichelewa kwenye msiba utasemwa wiki mbili, yaishe. Lakini kumpita mzee bila salamu, hilo watu huliweka pembeni wakalitumia siku ya harusi ya mjukuu wako.

Benadetha alisikia masikio yakimwaka. Miaka ishirini na tisa ameolewa Maruku, mume amemzika hapo hapo, na bado wakitaka kumchapa wanaichomoa Kimwani kama fimbo iliyokaa nyuma ya mlango.

“Sharti la tatu,” alisema. “Lisome, Mwenyekiti. Na miwani vaa.”

Kahigi alivaa miwani. “Hakuna kusimama njiani.”

“Rudia, wa kwenye ndoo wasikie.”

“Hakuna kusimama njiani,” Kahigi alirudia, sauti imeshuka. Aliliandika mwenyewe, siku ile muuguzi Evelyne wa zahanati alipokuja kumhimiza, akiwafikiria vijana wanaosimama njia panda wakigawana sigara moja. Salamu haikumjia akilini hata kidogo. Nani Maruku angeifikiria? Mtu akisimama kumsalimia mzee, huku hakuna anayehesabu kwamba amesimama. Ni sawa na kuandika sheria ya njaa ukasahau kwamba watu wana matumbo.

Benadetha alikuwa fundi cherehani. Miguu yake miwili ndiyo mashine. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga. Mwezi wa tatu, shule zilipofungwa na sare zikakosa wa kuzivaa, aligeukia kushona barakoa, akikaa tangu asubuhi mpaka jioni na sahani ya ndizi pembeni. Jioni moja alivua ndala akaona damu imeganda. Kipande cha sindano kilikuwa kimezama kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, chote, na yeye hakusikia kitu. Alikaa akakitazama kile kidole kama kidole cha mtu mwingine.

Kule hospitali Bukoba walichomoa sindano, wakapima sukari. Kumi na tisa. Kidonda kilichukua wiki tatu kufunga, na siku kilipofunga daktari, kijana mwenye umri wa mwanawe, alimwambia bila kuzunguka.

“Mama, safari hii umepona. Ukija tena na kidonda na sukari hii, hatutaongea habari ya kufunga bandeji. Tutaongea habari ya kukata. Vidonge umeze, chakula upunguze, na utembee. Dakika arobaini kila siku, mwendo wa mtu aliyesahau chungu jikoni. Ukisimama kupiga stori umeanza upya. Rudi wiki ya pili ya mwezi wa sita nipime. Ukiniletea kumi na tisa, huu mguu mimi siuahidi.”

Mguu wa kulia ndio unaosukuma cherehani. Benadetha hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Asubuhi iliyofuata alivaa raba za marehemu mumewe, akajaza vitambaa mbele ili zimkae, akatoka. Huku kwetu salamu ya mzee si neno moja. Unasimama, unakunja magoti, unauliza ameamkaje, halafu mke, halafu watoto, halafu wajukuu walio mbali, halafu ng’ombe, halafu migomba, halafu mvua. Kila swali lina jibu lake, na kila jibu lina “eee” yake. Na kati ya mlango wake na njia panda walikaa wazee wanne. Siku hiyo ya kwanza, dakika arobaini zilimkuta kwenye nyumba ya tatu.

Siku ya pili aliamua. Kusalimia huku unatembea ni kubaya kuliko kunyamaza. Ni kumrushia mtu chakula kama kuku. Basi alinyamaza, akainamisha macho, akapita. Mzee Rutaihwa, baba yake Datius, alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, mwanzo wa kibanja chake cha migomba, kanzu na koti, fimbo katikati ya magoti. Benadetha aliona ncha ya ile fimbo na viatu. Uso hakuutazama. Alijua anachofanya, na aibu ilimfuata mpaka njia panda kama mbwa wa jirani. Lakini alifika njia panda, akarudi, na saa ilisema dakika arobaini na moja.

Akaendelea hivyo asubuhi kumi na nne. Katika zile za mwisho wakimbiaji wa Datius walianza kupita njia ile ile, wakimsonga mpaka anaingia kwenye matope ya masika, na yeye akaenda kulalamika. Sasa alikuwa amelalamikiwa.

Kahigi alivua miwani. Alikuwa mtu anayependa kila mmoja aondoke ameridhika, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye mkutano wowote.

“Ma Benadetha atembelee kiwanja cha shule,” alisema. “Shule imefungwa. Pale hakuna mzee wa kupitwa.”

“Na wakimbiaji?”

“Nao… wapunguze.”

“Wapunguze nini? Miguu?”

Kicheko kikarudi, na safari hii kilikuwa upande wake. “Kiwanja nakubali,” Benadetha alisema. “Nisiseme uongo, nimewapita wazee, na si kwa kiburi. Ni mguu. Ninaye daktari Bukoba anausubiri kwa kisu. Lakini andika, Mwenyekiti, kwamba na hawa wameambiwa: mmoja mmoja, hatua mbili. Andika nikiwa nakuona.”

Kahigi akaandika. Datius alitazama pembeni akipiga mluzi mdogo usio na wimbo.

Kiwanja cha shule kilikuwa kimeota nyasi za magoti. Benadetha alikwenda na fyekeo. Alifyeka siku mbili, akizunguka pembeni mwa kiwanja, njia pana ya kutosha mtu mmoja. Jirani yake Klaudia alipita na kuni kichwani.

“Ma Benadetha, unalima au unatembea?”

“Nafyeka njia isiyo na baba wa mtu.”

Kiwanja kilikuwa kidogo, cha watoto wa shule ya msingi. Mzunguko mmoja dakika mbili. Ishirini zilimtosha. Alitembea peke yake, ukungu ukitoka ziwani, akihesabu kwa vifungo alivyotia mfuko wa kushoto, kimoja kikihamia wa kulia kila mzunguko. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu angedhani angefurahi. Alikuwa na upweke wa kutosha nyumbani kwake; huu wa kiwanjani ulikuwa wa nyongeza.

Asubuhi ya tano alikuwa na vifungo sita mfuko wa kulia alipoona kanzu ikitokea kwenye migomba. Kibanja cha Mzee Rutaihwa kilipakana na kiwanja. Mzee alikuja na kigoda chake mkononi, akakiweka kwenye kona karibu na goli, hatua mbili kamili kutoka njia iliyofyekwa. Alizipima kwa fimbo. Akakaa.

Benadetha alitaka kugeuka arudi nyuma. Lakini kugeuka ni kusimama. Akaenda. Akampita, macho chini.

Mzunguko wa nane mzee alifungua kinywa. “Ulipokuwa unanipita pale kwangu nilikuwa nakukasirikia. Ilikuwa ndiyo kazi yangu ya asubuhi. Sasa umenihamia huku…”

Mengine Benadetha hakuyasikia, alikuwa ameshafika kwenye kona nyingine. Aliyakuta yakimsubiri aliporudi.

“…sina hata wa kumkasirikia,” mzee alimalizia.

“Mzee, waitu, mimi siwezi kusimama, daktari…” Akapita.

Mzunguko wa kumi: “…amesema nikisimama nimeanza upya.”

“Nani amekuambia usimame?” Mzee aligonga fimbo chini. “Aliyekaa ni mimi. Wewe zunguka. Nisalimie kidogo kidogo. Mimi muda ninao.”

Benadetha alizunguka upande wa pili wa kiwanja akiwa hajui acheke au alie, na kwa kuwa vyote viwili vinapunguza mwendo, hakufanya hata kimoja. Alipofika kwa mzee alikunja magoti katikati ya hatua, akayumba, raba ya marehemu nusura imtoke mguuni.

“Umeamkaje, waitu?”

“Magoti acha!” mzee alipiga kelele. “Utavunjika shingo, nije kudaiwa mimi!”

Mzunguko uliofuata: “Nimeamka. Wewe umeamkaje?”

Na uliofuata: “Nimeamka vizuri. Mama ameamkaje?”

“Mama mgongo. Tangu mvua zianze.”

“Pole yake, waitu. Na watoto?”

“Wazima. Yule wa Mwanza hapigi simu.”

Hivyo hivyo. Vifungo vilipokwisha mfuko wa kushoto walikuwa wamefika kwa ng’ombe. Mzee Rutaihwa alinyanyuka na kigoda chake.

“Migomba kesho,” alisema, akaingia kwenye migomba yenyewe.

Lakini kesho yake salamu ilianza mwanzo, kama inavyopaswa, na mizunguko ilipoisha walikuwa kwa ng’ombe tena. Na keshokutwa. Mzee alikuwa na majibu marefu, na ng’ombe wake mmoja alikuwa na habari kuliko ng’ombe kumi wa mtu mwingine.

Katika majibu hayo Benadetha aliyajua mambo. Kwamba tangu korona watu walianza kumkwepa mzee, hata wasio na mguu wa kuokoa. Watoto waliokuwa wakija kuchukua kahawa ya kutafuna waliambiwa wasije. Kwamba Datius ndiye anayemletea uji kila asubuhi, akishatoka kukimbia.

“Akishatoka kukimbia na watu thelathini?” Benadetha aliuliza. Hilo halikuwa kwenye salamu, lakini alikuwa na mzunguko mzima wa kusubiri jibu.

Mzee alikuwa ameinamia fimbo yake aliporudi. “Ndiye mwanangu,” alisema tu.

Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa tano, wakasikika. Wimbo kwanza, halafu miguu, halafu wote wakamwagika kiwanjani kupitia geti la shule, Datius mbele na filimbi mdomoni. Walikuwa wameambiwa barabara si ya kusongamania, basi wameleta msongamano kiwanjani. Waliingia kwenye njia iliyofyekwa, wakaja mbele kwa mbele.

Benadetha alikuwa na vifungo kumi na viwili mfuko wa kulia. Hakusimama, hakupisha.

“Pisha, Ma Benadetha!” Datius alipaza sauti. “Kiwanja ni cha wote!”

“Cha wote ni hicho hapo katikati, kina nyasi za magoti, karibuni! Hii njia nimeifyeka kwa mikono hii. Wakati wa fyekeo hapakuwa na kundi!”

“Datius!”

Sauti ilitoka golini. Wengi hawakuwa wamemwona mzee. Wimbo ulikatika kwa vipande, wa mbele kwanza, wa nyuma wakiendelea mpaka wakajisikia wako peke yao. Benadetha aliwapita pembeni, hatua mbili, akaendelea kuzunguka. Kwa hiyo maneno yaliyofuata aliyasikia akiwa anakwenda, lakini kiwanja kizima kilikuwa kimya na hakupoteza hata moja.

“Nimesikia ulinisemea mkutanoni,” Mzee Rutaihwa alisema. “Ulisema mama huyu ananipita kama kisiki.”

“Ndiyo, tata.”

“Ulifanya vizuri. Sasa nakuuliza. Leo umenisalimia?”

Datius alitoa filimbi mdomoni. Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine, alikuwa ametoka gizani kuwahi kundi lake, kisha akapita nalo mbio mbele ya mlango wa baba yake. Watu thelathini walikuwa wanamtazama, na nusu yao walikuwa nyuma yake wakati anapita.

“Tulikuwa tunakimbia, tata.”

“Na yeye alikuwa anatembea.”

Kundini mtu aliguna. Benadetha alikuwa anakuja kumaliza mzunguko, na ulimi wake, ambao ulikuwa umevumilia tangu mkutano, haukuvumilia tena.

“Na uji, Datius! Unahemeana na watu thelathini, halafu unambebea baba uji na pumzi zao zote juu ya kikombe! Mimi nilimpita tu, sikumletea kitu. Wewe unamletea na kijiko!”

Akawa ameshapita. Hapakuwa na haja ya kubaki.

Siwezi kusema wote walitii. Karibu kumi walitoka, wakisema wao si watoto wa chekechea wa kupangwa mstari, wakarudi barabarani kwa kiongozi watakayempata. Wengine walibaki wakimtazama Datius. Alisimama kidogo, jasho likimkauka. Kisha akaenda mbele ya baba yake, akasimama hatua mbili, akamsalimia tangu mwanzo mpaka mvua, bila kuruka. Ilichukua muda. Akageuka akapiga filimbi. “Mmoja mmoja! Hatua mbili! Nyuma ya Ma Benadetha!”

Ulikuwa mstari mrefu, umekizunguka kiwanja karibu chote. Walijaribu kuimba, lakini wa mwisho alikuwa mbali kiasi kwamba mbele walikuwa ubeti wa tatu na nyuma bado wanaitikia wa kwanza. Kila aliyempita mzee alitupa kipande cha salamu, na mzee akawa anawajibu akichanganya, akimuuliza kijana asiyeoa habari za wajukuu. Benadetha alikuwa mbele, mwendo wa chungu jikoni. Vijana walikuwa nyuma yake wakitembea, kwa sababu hatua mbili za karatasi hazikumpa mtu nafasi ya kumpita.

“Mama, ongeza basi!” mmoja alilalamika.

“Una chungu wewe? Nifuate.”

Wiki ya pili ya mwezi wa sita alikwenda Bukoba. Kijana daktari alimtoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo, wakasubiri wote wawili. Nane nukta mbili. Daktari alipima tena, akasema kile kipimo nacho si cha kuaminika, akapata nane nukta moja. Akashika ule mguu wa kulia, akaubonyeza kidole kimoja kimoja.

“Huu ni wako, mama,” alisema. “Usiache kutembea.”

Benadetha alirudi Maruku alasiri. Hakupita kwanza nyumbani. Mzee Rutaihwa alikuwa mahali pake, mwanzo wa kibanja, fimbo katikati ya magoti. Na Benadetha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza ya kutembea, alisimama njiani. Hatua mbili, alizipima kwa macho. Akapiga magoti yote mawili kwenye udongo na gauni lake la kwenda mjini.

“Nane,” alisema.

“Nane ya nini?”

“Mguu, waitu. Wameniachia. Sasa nimekuja kulipa deni. Zile asubuhi kumi na nne nilizokupita. Nitakusalimia mara kumi na nne, hapa hapa, na sina haraka.”

Mzee alinyanyuka, akaingia ndani, akakaa huko mpaka magoti ya Benadetha yakaanza kuuma. Alitoka na kopo la maziwa ya unga lisilo na kifuniko, akaliweka juu ya jiwe katikati yao, akarudi kwenye kigoda. Ndani yake kulikuwa na kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, karibu nusu kopo.

“Anayenisalimia asubuhi nampa kahawa,” alisema. “Unajua hivyo. Yako nilikuwa naitoa kila siku naiweka mlangoni, unapita, inabaki. Nikawa naitia humu. Ilikuwa yako, ningeila vipi?”

Benadetha alilivuta lile kopo. “Sasa hapo mwenye deni ni nani?”

“Hakuna. Tafuna.”

“Haina sukari?”

“Ni kahawa, binti wa Kimwani. Tafuna, acha kelele.”

Alitia punje mbili mdomoni. Zilikuwa chungu, kavu, za siku nyingi. Alizitafuna akiwa bado amepiga magoti, na alipoona mzee ametulia vizuri na fimbo yake, akameza mate, akauliza lile ambalo mizunguko yote ya kiwanja haikuwahi kulifikia.

“Na migomba, waitu? Migomba imeshindaje?”